Kinyozi Aliyelala Arobaini

Hapo zamani, wembe ulipokuwa ukinolewa juu ya jiwe, palikuwa na kinyozi fukara jina lake Pandu, naye ndiye peke yake aliyeaminiwa kuigusa shingo ya Sultani wa Shungi kwa wembe. Ikawa Sultani alitaka askari wengi, akapiga mbiu kwamba kila mke azae kila mwaka, na kwamba jambo la uzazi ni la mume peke yake, mke asiulizwe. Atakayekaidi atahamishwa mji.

Siku hiyo mtoto wa nne wa Pandu alikuwa na siku kumi na mbili. Mkewe, Mize, alikuwa ametokwa na damu nyingi mno, hata mkunga akawaonya wote wawili: asishike mimba nyingine mpaka mtoto huyu aweze kuchota maji. Nao walikuwa wamekubaliana.

Basi Pandu akajifunga mkaja wa uzazi tumboni, akalala karibu na mkewe, akaagiza uji wa pilipili manga. Wajumbe wa Sultani wakaambiwa kinyozi yumo katika arobaini. Alhamisi mbili, siku ya Sultani kunyolewa, zikapita, ndevu za Sultani zikawa kama kumbi la nazi, ikambidi aje mwenyewe.

"Pandu, umezaa lini?"

"Bwana wangu, ulisema uzazi ni jambo langu peke yangu. Nikaona haya kumwachia Mize uchungu na mkaja, mimi nikabaki na kuamua tu."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, akamwamuru ainuke amnyoe.

"Naogopa kuvunja amri, Bwana wangu. Labda useme jambo hili ni la wawili."

Sultani akauliza wao wawili wameamua nini. Pandu akamweleza maneno ya mkunga, jinsi alivyoyasikia kwa masikio yake, maana alikuwa amekaa mlangoni.

Kicheko kikakatika. Mji mzima ulijua kuwa mke wa Sultani alifariki akijifungua mtoto wa tisa.

"Nadhani na mkunga wetu alisema," akanena taratibu. "Mimi nilikuwa barazani."

Akaketi juu ya mkeka, kisha akamgeukia mwanamke. "Nawe, Bi Mize, wasemaje?"

"Nasema anirudishie mkaja wangu, Bwana wangu. Na uji ameuonja mara moja tu, akalia pilipili. Wote nimeunywa mimi."

Sultani akacheka tena, akanyoosha shingo. Kesho yake mbiu ikalia upya: jambo la uzazi ni la mume na mke, waulizwe wote wawili. Pandu akapewa mbuzi wa maziwa, na Mize ndiye aliyemchagua.