Mkwe wa Soko la Magu

Bwana Mahfudhi wa Tanga, mwenye hoteli tatu, alimlipa mwalimu wiki mbili amfundishe Kisukuma cha sokoni. Kisha akaingia soko la Magu, Usukumani, kununua mchele, akichanganya Kisukuma na Kiswahili. Wauza mchele watatu wakamdhania ndugu, wakamuuzia kwa bei ya nyumbani, hata faida hawakuiona.

Akafika kwa muuza mchele wa nne, Nkwimba.

"Mwangaluka, mayu!" akamsalimu kama mtoto anavyomsalimu mama yake. "Debe elfu arobaini kwangu mimi? Nipe kwa thelathini."

"Mwangaluka, baba. Kisukuma kitamu hicho umekipata wapi?"

"Kwa mke wangu. Ni binti wa hapahapa."

"Wa ukoo gani?"

"Wenu huuhuu, mayu!"

"Ee! Basi chukua kwa ishirini." Nkwimba akapanda juu ya kigoda, akapaza sauti: "Jamani, njooni! Yule aliyemtorosha binti yetu amejileta mwenyewe. Ng'ombe kumi na wawili wa mahari anatoa leo!"

Wanaume wakaacha mizigo, wakamzunguka.

Bwana Mahfudhi akatokwa jasho. "Mama, sina mke Magu! Mimi ni mtu wa Tanga, Kisukuma nimefundishwa tu."

"Wa Tanga?" Nkwimba akashuka, akachota mchele taratibu. "Basi wageni ni elfu arobaini. Na wenzangu watatu uliowadanganya wanakusubiri pale mlangoni uwaongezee."

Bwana Mahfudhi akalipa kote bila kuomba punguzo, tena akashukuru kwa Kiswahili cha Tanga.