Ngiri Aliyeazima Ratiba ya Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo amejibu na muhogo mdomoni? Meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Na nyie wakubwa mlioko huko nyuma, mnaojifanya mnasikiliza redio, sogeeni. Hii inawahusu zaidi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa sare na kwenda shule, paliondokea Ngiri mmoja, mama wa watoto watatu. Wakubwa ni Mbodze na Mwero, na kitindamimba ni Nyevu. Sasa, Ngiri haingii shimoni kwake kama wewe unavyoingia mlangoni. Huingia kinyumenyume. Matako kwanza, pua mwisho, ili meno yabaki yakimtazama adui. Mnacheka nini? Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake kafundishwa na bibi.

Basi watoto wa Ngiri wakitoka shule ni vurugu tupu. Begi huku, pu! Daftari kule, pa! Sare hawavui. Wanacheza mpira wa matambara mpaka jua linazama, ndipo mmoja anakumbuka hesabu, na hapo usingizi umeshamshika. Mama yao alifoka, akafoka, mpaka sauti ikawa kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Jumatatu moja Mwalimu Korongo akatangaza darasani kwamba Ijumaa shule nzima itakwenda kwenye dimbwi la matope. Lakini atakayekuja siku hiyo na sare chafu, au hesabu hajaandika, atabaki kufuta ubao. Ngiri na matope, mnayajua mapenzi yake? Mbodze na Mwero walikwenda mwaka jana. Nyevu hajaliona dimbwi hata siku moja. Alifika nyumbani analia, kamasi mpaka kidevuni, anasema yeye atabaki na ubao.

Mama Ngiri uchungu ukamshika. Akaenda mbio, titi titi titi, kwa jirani yake Pimbi, ambaye watoto wake wanang'aa kama vijiko vya harusi. Akamwomba siri. Pimbi akamwonyesha ukuta wa pango lake. Palikuwa na picha tano za mkaa, kuanzia mlangoni mpaka ndani kabisa: vua sare, nawa miguu, kula, andika hesabu, cheza. Mtoto akiingia anafuata picha, moja baada ya nyingine, basi. Ngiri akashukuru. Akarudi, akachora zilezile kwenye ukuta wake, kuanzia mlangoni mpaka ndani. Akawaambia wanawe wafuate picha, naye akaenda kuchimba mizizi.

Jumanne anarudi, lo! Sare zina tope. Daftari lina tope, na juu ya tope kuna uji. Watoto wenyewe miguu safi, wamekaa uchi, wanatabasamu. Akawafokea. Jumatano yaleyale, na uji umezidi. Akawaita vichwa vigumu, akawaambia watoto wa Pimbi si wenzao.

Nyevu akasimama mbele yake.

"Mama, mimi nimefuata picha zote tano. Sijaruka hata moja."

"Umefuata, na uji uko juu ya hesabu?"

"Njoo ufuate na wewe, uone."

Neno lile lilimchoma Mama Ngiri, maana siku zote mbili hakuwepo. Basi Alhamisi hakwenda kuchimba. Akawangoja watoto pale mlangoni. Wakaja, wakageuka, wakaingia kinyumenyume. Mbodze, puru. Mwero, puru. Nyevu, puru. Mama naye, puuuru, akawabana wote kule mwisho wa shimo. Alipoinua macho, picha ya kwanza mbele ya pua yake ni mpira! Ya pili, hesabu. Ya tatu, chakula. Ya nne, miguu. Na kule mbali, karibu na mlango, sare.

Akacheka, akacheka mpaka udongo ukamwagika kichwani. Watoto wamemtii siku mbili, picha kwa picha, na yeye kawatukana. Akaona aibu, akawaomba radhi. Ndiyo, mzazi aliomba radhi. Nyie wa huko nyuma, redio imezimwa?

Wakafuta picha zote, wakachora upya, wote wanne, kuanzia mwisho wa shimo kuja mlangoni. Sare, miguu, uji, hesabu, na mpira mlangoni kabisa, ili ukimaliza unatoka nao nje. Jioni ile wakazifuata pamoja, na mama naye akanawa. Hakuna aliyefoka. Sare zikafuliwa, zikaanikwa, na Nyevu akaandika hesabu zake kwenye ukurasa mpya.

Ijumaa Mwalimu Korongo akakagua. Akamtazama Nyevu juu, akamtazama chini. Akafungua daftari. Hesabu zote zipo, moja tu imekosewa. Akamwambia aingie kwenye mstari wa safari.

Kule dimbwini wenzake wakajirusha na sare zao, pwa, pwa, pwa. Nyevu hapana. Akavua sare, akaikunja. Akanawa miguu. Kunawa miguu ili uingie matopeni, jamani! Korongo, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja, alicheka mpaka ikabidi ashushe na wa pili. Nyevu akala kiazi chake taratibu. Akatafuta daftari, akakumbuka limebaki shule. Ndipo akatoka mbio, pwaaa! Akazama mpaka masikio, na kutoka alitoka wa mwisho. Jioni mama yake alimwona anakuja, tope mwili mzima, sare safi kaibeba kichwani. Akafurahi mpaka machozi yakamtoka.

Basi wazazi, mtoto akitoka shule anataka utaratibu, lakini uwe wa nyumba yako, si wa jirani, na uufuate naye kwanza kabla hujamfokea. Na nyie watoto, sare kwanza, mpira mwisho.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aniachie hapahapa.