Macho ya Wakesho

Sogeeni karibu, ila kila mtu apate nafasi ya kupumua, kama tulivyojizoesha mwaka ule wa korona. Kisa hiki ni cha mwaka huohuo, na kinaletwa kwenu kwa sababu wenyewe wameshindwa kukimaliza.

Palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Mghoi, mjane aliyeishi peke yake katika milima ya Taita, alikuwa king'ang'anizi. Akianza jambo haliachi, umwombe au umkemee. Mwakio, aliyebeba mboga kwa pikapu kutoka milimani hadi soko la bondeni, alijaliwa ulimi. Angeketi na mtu asiyemjua, na kabla chai haijapoa wakawa ndugu. Daktari Nasambu, aliyeletwa na kazi kutoka mbali, alikuwa na vidole vyepesi. Wagonjwa wake walisema hujui kama ameshagusa jicho lako mpaka akwambie amemaliza.

Aliyewakutanisha watatu hao ni Wakesho, jirani yake Mghoi.

Wakesho alikuwa mama wa watoto wawili. Mumewe, Mwadime, alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii huko mbugani. Korona ilipoingia, watalii wakakoma, hoteli ikafungwa, na Mwadime akarudi nyumbani. Shule nazo zikafungwa. Nyumba iliyozoea kuwa kimya mchana kutwa ikajaa watu, na Wakesho, kusema kweli, alifurahi. Maadamu mikono ipo, akaona huu ndio wakati wa kuipaka nyumba chokaa.

Asubuhi moja akamimina maji juu ya mawe ya chokaa ndani ya pipa. Chokaa ikaanza kutokota, kama ilivyo kawaida yake. Wakesho hakusubiri itulie. Aliinama kuikoroga kwa mti, donge likapasuka, na uji wa moto ukamrukia usoni na kuyaingia macho yote mawili.

Alichokikumbuka baadaye si giza. Ni weupe, weupe mkali, kisha moto. Alisikia mtu akipiga yowe, ikamchukua muda kutambua kwamba ni yeye.

Mghoi ndiye aliyemfikia kwanza. Sasa mjue kwamba Mghoi alikuwa na pumu, na tangu ugonjwa uanze alikuwa amejifungia kwake. Unga na sukari aliwekewa langoni, salamu alizijibu kwa kupunga mkono kutoka uani. Ilikuwa imepita miezi bila yeye kumgusa binadamu. Siku hiyo alitoka mbio bila barakoa, akakilaza kichwa cha Wakesho mapajani mwake, akamfumbua macho kwa vidole, akaanza kumwagia maji.

Wakesho alimwomba amwache. Alimsukuma, akamkwaruza. Majirani waliosimama kwa mbali wakatoa ushauri wa kila namna, huyu maziwa, yule mafuta ya nazi, mwingine asali. Mghoi hakumjibu hata mmoja. Alichofanya ni kumwagiza Mwadime maji zaidi. Mtungi ukakauka, madumu yakaisha, yakaletwa maji ya kupikia, hatimaye yakaja hata yale yaliyochotewa ng'ombe. Chokaa ikamla Mghoi mikono, ngozi ikaanza kubanduka, naye akaendelea kumimina. Wakesho akamwambia kwamba hawezi tena, heri afumbe macho apumzike.

"Lia upendavyo, mwanangu," Mghoi akamwambia. "Lakini macho usifumbe."

Hakumwachilia mpaka tone la mwisho lilipoisha pale nyumbani. Hapo Mwadime alikuwa ameshakimbilia barabarani kutafuta gari.

Gari alilolipata ni pikapu ya Mwakio. Mwakio alikuwa amepakia spinachi na dania tangu alfajiri, na soko lilikuwa likifungwa mapema kwa sababu ya kafyu ya kutotoka nje usiku. Hospitali yenye daktari wa macho ilikuwa upande mwingine kabisa, mbali, tena nyuma ya kizuizi cha polisi. Kibali chake kiliruhusu dereva na mboga tu. Mwakio alimtazama Wakesho aliyeshikwa mikono kama mtoto. Akamwambia Mwadime abaki na watoto, maana abiria wawili garini hawatapita popote. Akamfunika Wakesho macho kwa leso iliyoloa, wakaondoka.

Njia nzima aliongea. Aliongea kuhusu mbuzi wake aliyejifunza kufungua mlango wa jikoni, na kuhusu shemeji yake aliyejifukiza mvuke mpaka akazimia. Wakesho akajikuta amecheka, japo kicheko kilimuuma uso mzima.

Kizuizini gari likasimamishwa. Wakesho alisikia sauti ya askari ikisema abiria haruhusiwi, gari ligeuze. Alisikia mlango wa Mwakio ukifunguliwa. Alitarajia aanze kusihi, lakini Mwakio alizungumza polepole kama mtu aliyeketi na rafiki yake.

"Afande, sikuombi unipitishe. Njoo uinue hiyo leso, umtazame. Kisha useme mwenyewe kwamba nimrudishe nyumbani, nami nitageuza."

Leso ikainuliwa. Wakesho alihisi upepo machoni, akasikia mtu akivuta pumzi. Kisha akasikia chuma kikiburutwa juu ya lami, na askari yule akiwapigia simu wenzake wa kizuizi cha mbele wawaachie njia.

Mboga za Mwakio hazikufika sokoni. Jua lilizilaza zote, akaishia kuwapa mbuzi wake.

Hospitalini walikuta lango limefungwa. Mlinzi aliwaeleza kwa upole kwamba kitengo cha macho kimesimamishwa, vyumba vyake vimelazwa wagonjwa wa korona, na daktari mwenyewe amehamishiwa huko. Mwakio akaanza maneno yake tena, na maneno hayo yakasikiwa na mwanamke aliyekuwa akitoka na begi begani.

Huyo alikuwa Daktari Nasambu. Kwa wiki nyingi hakuwa amekanyaga kwao. Mtoto wake mdogo alikuwa akilelewa na bibi, naye alimwona kwenye simu tu. Siku hiyo ndipo alipopewa ruhusa, na gari la hospitali lililoelekea kwao lilikuwa limewashwa, likimsubiri. Aliuliza jambo moja tu, kama macho yale yalioshwa. Mwakio alipomweleza jinsi Mghoi alivyomaliza maji ya nyumba nzima, daktari akashusha begi, akamwambia dereva aende zake.

Chumba hakikuwepo. Akamlaza Wakesho kwenye benchi la wageni, chini ya paa la bati, palipokuwa na mwanga wa kutosha. Akaziosha tena zile mboni, akazigeuza kope, na kwa pamba akatoa chembe za chokaa zilizojificha ndani, chembe moja moja, kama anayechambua mchele. Kabla ya kumpa dawa alimuuliza kama ana mimba. Wakesho akajibu kwa sauti ya chini kwamba anadhani anayo, na kwamba mumewe bado hajui. Daktari akabadilisha dawa, siri akaitunza.

Siku zilizofuata Nasambu alirudi kwenye wodi ya korona, kwa kuwa ruhusa ilikuwa imeshapita. Kila alipopata mwanya alioga, akabadili nguo, akaja kumtia Wakesho matone. Wakesho alimjua kwa hatua zake, na kwa ile pumzi nzito nyuma ya barakoa. Bandeji zilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona duniani ni macho mawili mekundu kwa uchovu juu ya kitambaa cha buluu. Akayatazama mpaka daktari akaona haya.

Basi Wakesho alipona. Jua likiwa kali jicho la kushoto huona ukungu kidogo, lakini uzi kwenye tundu la sindano anautia mwenyewe. Mghoi naye hakuugua, ila mikono yake imebaki na mabaka meupe.

Mtoto akazaliwa, msichana. Wakubwa wake walikuwa wamechukua majina ya bibi na babu, kwa hiyo huyu wa tatu Wakesho na Mwadime walikubaliana apewe jina na yule aliyeyaokoa macho ya mama yake. Barabara zilipofunguliwa waliwaita wote watatu. Mwadime akapika pilau, na baada ya watu kushiba shauri likawekwa mezani.

Mghoi hakujivunga. Alisema hana mjukuu, na kwamba kama angemsikiliza Wakesho alipoomba aachwe, daktari asingekuta kitu cha kutibu. Mwakio akakubali, ila akauliza macho yaliyooshwa vizuri yangefanya nini yakikwama kizuizini. Daktari Nasambu akacheka, akasema amewahi kuona macho yaliyooshwa na kufikishwa mapema, na bado yakapofuka kwa chembe moja iliyosahauliwa chini ya kope.

Mwadime akathubutu kusema kwamba daktari, kwa heshima zote, alikuwa kazini.

"Hakuwa kazini," Wakesho akamkatiza. "Siku ile ilikuwa ya mwanawe."

Mwadime akawaongezea watu pilau. Hakuna aliyekasirika. Walibishana na kula, wakala na kubishana, na mtoto akazunguka kutoka paja hadi paja. Mghoi alimwita jina alilolitaka yeye, Mwakio akamwita lake, daktari akamnong'oneza lake sikioni. Mtoto akawatazama wote watatu kwa macho yaleyale ya mviringo, akapiga mwayo, akalala.

Wakesho alimtazama kila mmoja wao kwa zamu, akashindwa kuchagua. Mmoja alihatarisha pumzi yake, mmoja aliacha riziki yake inyauke, mmoja alimwacha mwanawe akingoja. Ukimwondoa yeyote kati yao, Wakesho haoni.

Mpaka leo mtoto anaitwa Mtoto. Haya, nyinyi mliokaa hapa na kusikiliza, huyu hapa, mpokeeni. Ukiwa umempakata wewe, ungenyoosha mikono umkabidhi nani ampe jina?