Nguchiro na Watoto wa Mwisho Darasani

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakipiga hodi kabla ya kuingia na kunawa kabla ya kula, paliishi Nyati na mkewe na mtoto wao wa pekee, jina lake Kwato. Sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, unasikia? Haya.

Nyati alikuwa mkubwa. Akipita njiani ardhi ilitikisika, di! di! di! Lakini ndani ya kile kifua kipana alificha hofu ndogo kama punje ya mtama. Hofu yenyewe ilikuwa hii: watu watasema nini?

Bonde lao lilikuwa na shule ya kijiji, shule ya Bi Kobe. Watoto walikwenda asubuhi, jioni wakarudi kwao. Kisha akaja Nguchiro. Alikuwa mdogo, mwembamba, macho yake kama shanga. Akahamia kwenye kichuguu kirefu ng'ambo ya bonde, akapanda juu kabisa, akatangaza:

"Shule ya bweni! Si ya kijiji, si ya Mfalme Simba, ni yangu mwenyewe! Mtoto analala hapa, anakula hapa, na akirudi kwenu, anarudi na akili!"

Pale kisimani maneno yakawa mengi.

"Mimi nampeleka Pembe wangu," alisema Bi Kifaru. "Akikaa nyumbani kazi yake ni kugaagaa matopeni. Bweni litamtia adabu."

"Mtoto mdogo hulala karibu na mama yake," alijibu Bi Nyati. "Akiota ndoto mbaya, atamwamsha nani?"

"Ndiyo haya, kina mama!" akacheka Kiboko, kinywa wazi kama pango. "Mnawadekeza mpaka wanakuwa laini kama maboga. Bonge wangu anakwenda kesho. Au wengine hapa hamwezi?"

Akasema hivyo akimtazama Nyati.

Nyati alitaka kusema, "Mke wangu amesema kweli." Maneno yalifika kooni. Lakini Kiboko alikuwa anacheka, na Bi Kifaru alikuwa anasikiliza.

"Nani hawezi?" akanguruma Nyati. "Kwato naye anakwenda kesho!"

Bi Nyati alijitwika mtungi wake. Walipofika nyumbani aliuliza taratibu tu, "Baba Kwato, mbona hukuniuliza?"

"Unataka tuchekwe?" akasema Nyati.

Basi Kwato akaenda. Mama yake alimsindikiza mpaka kwenye kichuguu, akamrekebishia nywele za utosini kwa ulimi, akarudi peke yake.

Muhula ulipokaribia kwisha, siku moja Bi Nyati alikwenda kisimani. Mara Nyati akasikia mlangoni:

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu! Aa, mwalimu! Karibu kiti."

Nguchiro aliingia, akachungulia nyuma ya mlango, akachungulia chini ya kitanda. "Tuko peke yetu?"

"Peke yetu."

"Bwana Nyati," akanong'ona, "wewe ni mtu mwenye heshima zake, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Kwato... lo, ulimi unaniwia mzito. Kwato ni wa mwisho."

"Wa mwisho wapi?"

"Darasani! Wenzake wote wanasoma kama maji yanavyotiririka. Yeye anatazama tu, kodo! kodo!"

Sasa sikilizeni, wanangu. Nyati hakuuliza, "Mwanangu ni mgonjwa?" Hakuuliza, "Nani anamfundisha, na vipi?" Aliuliza hivi:

"Nani mwingine anajua?"

Macho ya Nguchiro yakametameta. "Mimi na wewe tu. Nami nitakufichia aibu yako. Likizo hii asirudi, abaki nimpe masomo ya ziada. Na wewe uniletee mayai kidogo. Mayai hufungua akili."

"Akili ya mtoto?"

"Ya mwalimu kwanza, bwana. Ya mtoto itafuata."

Akaondoka, pururu! kama alivyokuja.

Nyati hakuwa na mayai. Akaenda kwa Bi Kanga, akamchimbulia shamba kwa kwato na pembe ili apewe mayai. Watu walipouliza kwa nini bwana mkubwa anamlimia kanga, alisema ananyoosha shingo. Na mkewe alipouliza kwa nini watoto wa shule ya Bi Kobe wako likizo na Kwato haonekani, alisema:

"Kwato amechaguliwa kiranja mkuu. Kiranja mkuu haondoki shuleni."

"Kwato wangu?" Bi Nyati akapiga kigelegele kimoja kifupi. Kisha akasema, "Lakini angekuja hata siku moja nimwone."

Nyati aligeuza uso. Mkewe alieleza kisimani kwa furaha kwamba mwanawe ni kiranja mkuu, na cha ajabu, hakuna aliyebisha. Bi Kifaru alikohoa tu akainamia maji. Kiboko alisema shule ile haina mfano, kisha chubwi! akazama.

Ikafika siku ya wazazi. Kila mzazi alikwenda na kikapu cha chakula cha mtoto. Nyati alibeba na kingine, amekifunika majani, akakikumbatia kwapani kama mwizi.

Watoto walisimama mstari mbele ya kichuguu wakaimba wimbo wa shule. Kwato alikuwa mwishoni kabisa. Alikuwa amekonda, magoti yamejaa vumbi jekundu, na kwato zake zimepasukapasuka kama za mkulima. Alipomwona baba yake, masikio yake yakasimama.

"Eh, Nyati!" Kiboko akamgusa ubavuni. "Wako yuko wapi? Si yule aliyechoka pale mwisho?"

Wanangu, ulimi hauna mfupa. Nyati alitazama mstari wote. Katikati alisimama ndama mmoja aliyenona wa ukoo wa mbali, anaimba kwa sauti.

"Yule pale katikati," akasema Nyati. "Yule mwenye sauti."

"Na huyu wa mwisho?"

"Huyo simjui."

Alisema kwa sauti ndogo. Lakini masikio ya nyati ni mapana, hata ya ndama. Yale ya Kwato yakalala.

Bi Nyati alikuwa bado nyuma, anafungua kikapu cha viazi. Hakusikia. Aliinua uso tu akaona mwanawe amekonda, akashika mdomo. "Baba Kwato, tazama mtoto alivyokwisha! Leo nasema. Wakiomba maoni ya wazazi, mimi nasimama."

"Kaa chini!" Nyati akamkanyaga mguu. "Utatuaibisha."

Wakati wa kula, watoto walitumwa kuwapa wageni maji. Nyati akaona kata ya maji imeletwa mbele yake. Aliyeishika alikuwa Kwato.

"Shikamoo, bwana," alisema Kwato.

"Marahaba," akaitikia Nyati. "Kwato. Mbona unaniita bwana? Mimi ni baba yako."

Kwato hakuinua macho. "Nilisikia ulivyosema. Si neno. Mwalimu alituambia wa mwisho asimkimbilie mzazi wake mbele za watu, asije akamtia aibu. Kunywa maji, bwana."

Nyati alishika ile kata. Hakunywa. Maji yalimwagikia miguuni, tiriri, mpaka yakaisha, na mtoto alikuwa amekwisha kwenda kumpa maji mwingine.

"Wazazi wapendwa!" Nguchiro alikuwa juu ya kichuguu, anapiga makofi, pa! pa! pa! "Sasa tusikie maoni! Wazazi wote wanaisifu shule hii. Namwomba Bwana Nyati atusemee kwa niaba ya wote. Karibu, bwana mkubwa!"

Na akamkonyeza.

Nyati alisimama. Alijua Nguchiro anataka nini. Alitakiwa kusema kwamba shule hii ni taa ya bonde. Akafungua kinywa.

"Shule hii..." akasema. "Shule hii..."

Wote wakamtazama. Kwato naye alikuwa pale na kata yake, anamtazama mtu mwingine.

"Mimi ni muongo," akasema Nyati.

"Ebo!" akasema Kiboko.

"Nilisema wangu ni yule wa katikati. Si kweli. Wangu ni huyu hapa, anaitwa Kwato. Mke wangu nimemdanganya, mtoto wetu si kiranja. Mtoto wangu ndiye wa mwisho darasani, nami nimekuwa nikileta mayai kwa siri ili msijue." Akatoa kile kikapu kwapani, akakiweka chini mbele ya wote. "Sasa mmejua. Chekeni."

Hakucheka mtu. Bi Nyati alimtazama mumewe, na Nyati alitamani ardhi impasukie.

Mara Bi Kifaru akasimama. "Baba Kwato, unasemaje? Kwato hawezi kuwa wa mwisho."

"Ni wa mwisho. Mwalimu kaniambia kwa kinywa chake."

"Thubutu! Wa mwisho ni Pembe wangu! Mwalimu alikuja kwangu mwenyewe, akachungulia mpaka chini ya kitanda!" Na Bi Kifaru akavuta kikapu kilichofunikwa majani.

"Ala!" Kiboko akaruka. "Wa mwisho ni Bonge! Msininyang'anye! Nimehangaika na mayai mpaka kanga wote wananikimbia!"

"Pembe!"

"Bonge!"

"Nasema Kwato!"

"Mwanangu hawashindi wenu kwa ujinga?" akapiga kelele Kiboko. "Nani kasema? Wangu ni mjinga kuliko wote!"

Vikapu vikatoka kila upande, kimoja chini ya mkeka, kimoja nyuma ya jiwe, kimoja ndani ya kofia. Mayai yote, majani yaleyale.

Kisha Bi Nyati akauliza, "Kama wote ni wa mwisho, wa kwanza ni wa nani?"

Wakatazamana.

"Pembe," Bi Kifaru akamwita binti yake, "likizo mlisoma nini?"

Pembe akatazama chini. "Tulipalilia karanga, mama. Za mwalimu. Halafu tukavuna."

"Na darasani?"

"Tunajifunza wimbo. Wa siku ya wazazi."

Wakageuka wote kwa pamoja. Nguchiro alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye tundu. Kiboko akarusha mwili wake mzima, puu! lakini alishika mkia tu, na mkia ukachopoka.

"Toka nje, mwizi!" akanguruma Kiboko.

Sauti ikatoka ndani ya kichuguu. "Mwizi? Mimi nilisema neno moja tu kwa kila nyumba! Aliyefunga mlango ni nani? Aliyesema 'nani mwingine anajua' ni nani? Hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza mtoto! Mngeulizana kisimani siku moja tu, ningekufa njaa!"

Kiboko alikisogeza kikapu chake nyuma ya mgongo.

Upande wa pili wa kichuguu, mbali, majani yakatikisika, cha! cha! cha! Nguchiro akatoweka na karanga alizoweza kubeba. Katika bonde lile hakuonekana tena.

Wazazi waliondoka mmoja mmoja, na watoto wao, bila kuagana. Kila mmoja aliona haya kumtazama mwenzake.

Njiani Bi Nyati alitangulia na Kwato. Nyati alifuata nyuma. Alisubiri mkewe amkaripie, lakini hakumkaripia, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Mwishowe Nyati akaongeza hatua, akasimama mbele yao, kile kichwa kikubwa amekiinamisha mpaka pua ikagusa vumbi.

"Mama Kwato, nisamehe. Wewe ulisema kweli, mimi nikakukanyaga mguu."

"Mguu utapoa," akasema Bi Nyati. "Zungumza na mwenye jeraha."

Nyati akamgeukia mtoto.

Kwato ndiye aliyeuliza. "Ulinionea haya, baba?"

Baba! Nyati alilisikia neno lile likampasua kifua. Angeweza kusema hapana. Ilikuwa rahisi kusema hapana.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Nilikuonea haya. Sasa najionea haya mwenyewe."

Kwato alifikiri. Hakumrukia baba yake shingoni, wanangu, jeraha halifungiki siku moja. Alikwenda tu upande wa pili wa mama yake, kisha hatua kwa hatua akazunguka, mpaka akawa anatembea katikati yao.

Hadithi yangu imefika nyumbani na Kwato, nanyi mwende kwenu salama. Neno lake ni hili: aibu ambayo kila mmoja anaificha kwake ndiyo kamba ambayo mjanja mmoja huwafungia wote.