Miguu ya Mchoro, Miguu ya Dukani

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kuoa na sungura kusimamia harusi, ni zamani hii ya juzi tu, aliishi chini ya Mlima Hanang mzee mmoja aliyekuwa akijenga ndege nyuma ya nyumba yake. Ndege ya kweli, jamani, yenye injini na mabawa na viti viwili, kimoja mbele cha rubani na kimoja nyuma cha abiria. Mzee huyo aliitwa Tluway.

Msimcheke. Ujanani Tluway alikuwa fundi wa ndege katika shamba la ngano la Gidamara, enzi zile ngano ilipofika hadi macho yanapoishia, na ndege ndogo ziliruka kila alfajiri kuwanyunyizia dawa kwelea kwelea, wale ndege wala nafaka. Rubani mmoja mpole akaja kumfundisha kurusha, akapata leseni. Siku zile! Harufu ya mafuta ya ndege na ngano mbichi, king'ora cha saa moja, chai ya kantini katika vikombe vya bati. Shamba lilipofungwa ndege zikauzwa, watu wakatawanyika, na Tluway akarudi nyumbani na boksi la spana. Alililia Gidamara kama mtu anayelilia ndugu, wala hakuona haya.

Sasa mzee huyu alikuwa na kosa moja, nanyi mlishike mapema. Kiti kimoja aliwaahidi watu watatu.

Alimwahidi Paskalina, binti aliyeshona magunia ya ngano pale shambani, wakati anamchumbia. "Siku moja nitakupandisha, uione Gidamara yote kwa juu." Paskalina akacheka, akakubali kuolewa. Alimwahidi Gwandu, fundi mwenzake, siku walizokuwa wakiosha ndege ambazo hawakuruhusiwa hata kukalia viti vyake. "Tutajenga ya kwetu, tupande mimi na wewe." Alimwahidi Fausta, bintiye wa pekee, aliyekuwa akikimbia nyuma ya ndege mpaka vumbi limfunike. "Ukikua, mama, nitakupakia." Kila ahadi ilitoka moyoni, na hapo ndipo penye shida.

Ujenzi ulichukua miaka kumi na mmoja. Tluway alifuata michoro aliyoagiza, ukurasa kwa ukurasa. Paskalina, ambaye sasa alikuwa fundi wa nguo, alishona kitambaa cha mabawa kwa cherehani yake, huku akilalamika kwamba anashonea nguo dude lisilo na shingo. Watu wakipita waliuliza, "Mzee, itaruka lini?" Naye alijibu, "Ikipata miguu."

Basi Gwandu akasema miguu, ile inayobeba magurudumu, ni kazi yake. Miezi minane alikaa na michoro, akipima, akikata mabomba ya chuma, akichomelea. Akavunja, akarudia. Akavunja tena, akarudia. Mara ya tatu ikatoka miguu myembamba na myepesi, sawasawa na ilivyochorwa.

Na wiki hiyohiyo yakafika maboksi mawili kutoka ng'ambo. Fausta alikuwa mkunga huko, hajaonekana nyumbani miaka tisa. Alisikia kwenye simu kwamba baba anatafuta miguu, akawaulizia watu wa huko wanaojijengea ndege, akanunua miguu ya kiwanda kingine kabisa, isiyo ya michoro ile. Mabamba manene ya chuma cha springi, na matairi yaliyonona kuliko mbuzi wa sikukuu.

Gwandu akasema, "Tluway, aliyechora ndege hii alijua inataka miguu gani. Yangu ni myepesi, na ikipinda naichomelea hapahapa Katesh. Hiyo ya dukani ina kilo tisa zaidi. Ikipinda utampigia nani?"

Fausta akasema kwenye simu, "Baba, aliyechora hajauona uwanja wetu wa kurukia. Una mashimo yaliyochimbwa na muhanga kila hatua. Nataka nikija nikukute mzima."

Paskalina akasema, "Mimi miguu siijui. Najua tu kwamba atakayevunjika ni wangu."

Siku tatu Tluway alizunguka ndege yake akiwa amefunga mikono mgongoni. Watu wakapita, "Mzee, itaruka lini?" Akajibu, "Ikipata miguu." "Si hiyo hapo, jozi mbili?" Akaendelea kuzunguka.

Siku ya nne alichagua ya dukani. Alisema ni kwa sababu ya mashimo. Ni kweli, mashimo yalikuwepo. Lakini ndani ya boksi lile Fausta alikuwa ameweka kikaratasi, mwandiko uleule wa daftari la shule, na Tluway alikuwa akikitembeza mfukoni tangu siku ya kwanza. Alimchagua mtoto aliyemkosa miaka tisa, akasingizia muhanga. Gwandu alimjua rafiki yake vizuri, akaliona hilo. Akakunja michoro, akaenda zake.

Peke yake, Tluway akajaribu kufunga miguu mipya. Ikagoma. Matundu ya bolti hayakulingana na ya bodi, hata moja. Ilihitaji vikamatio vya kuiunganisha, na chuma cha kuvitengenezea hakikupatikana Katesh wala Babati.

Siku ya tano Gwandu akarudi, salamu hakutoa. Akachukua miguu yake mwenyewe, ile ya miezi minane, akaikata katikati. Vipande vya juu akavigeuza vikamatio. "Chuma hiki ndicho kinacholingana na bodi," alisema. Tluway alitaka kumshika mkono, akajikuta analia. "Acha mambo yako," Gwandu akamwambia, "nishikie tochi." Tangu hapo miguu ya mchoro haikuwepo tena.

Ikaja siku ya kuruka. Tluway kapanda, injini inanguruma, watu wamejipanga. Paskalina alisimama mbali, amefinya jicho moja, kama alivyosimama maisha yake yote kuangalia upindo wa gauni kabla ya kumpa mteja. Ghafla akakimbilia mbele ya ndege, kanga mkononi.

"Baba Fausta, zima! Upande wa kulia umeshuka! Kidole kimoja!"

"Shemeji, nimepima mwenyewe," Gwandu akasema.

"Pima tena."

Wakapima. Kikamatio cha kulia kilikuwa kimeanza kupinda, kina ufa mwembamba kama unywele, pale Gwandu alipochomelea akiwa na hasira. Kingekatikia angani au wakati wa kutua. Gwandu alikaa chini. Kisha akachomelea upya, taratibu.

Tluway akaruka. Jamani, akaruka! Wakati wa kutua, gurudumu la kushoto likatumbukia katika shimo la muhanga. Ndege ikayumba, tairi nono likalimeza shimo, likatoka, likaendelea. Gwandu akaenda kulipima shimo kwa mkono, likamfika kwenye kiwiko. Akarudi akasema mbele ya watu wote, "Miguu yangu ingevunjika, na mwenye ndege naye." Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo.

Mkaguzi wa ndege akatoa sharti kwamba aruke peke yake saa arobaini kabla ya kupakia mtu. Saa hizo zilikula karibu mwaka. Naye daktari anayepima marubani alikuwa ameshamwambia, "Mzee, kwa moyo huu, leseni hii ndiyo ya mwisho." Saa arobaini zilipotimia, leseni ilikuwa imebakiza siku moja, na mafuta yalitosha safari moja tu.

Fausta akawa amefika likizo. Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho walisimama watatu mlangoni pa karakana.

Paskalina akasema, "Mimi niliahidiwa kwanza. Mabawa yale ni mshono wangu, na jicho langu ndilo lililokuzuia usife. Nataka kuliona ghala nilikokuwa nashona magunia uliponikuta. Wanasema wanalibomoa."

Gwandu akasema, "Mimi niliahidiwa tukiwa na ndoo na matambara. Nilikata kazi yangu kwa mkono wangu ili ya mwingine isimame. Nilikosea mara moja, nikarekebisha. Hatukusema utapanda, Tluway. Tulisema tutapanda."

Fausta akasema, "Baba, mimi nilikuwa mtoto, na mtoto hasahau. Miguu yangu ndiyo iliyokutoa shimoni. Ninaondoka Jumapili, na sijui nitakukuta tena."

Tluway hakuweza kumtazama hata mmoja wao. Alipanda, akawasha. Upande wa magharibi, zilikokuwa ngano, jua lilikuwa limeanza kupasha mashamba madogomadogo ya watu, na kutoka juu, kwa anayeijua, Gidamara ingali inasomeka. Akafungua mlango wa nyuma, akanyoosha mkono, na mtu mmoja akaushika.

Haya, mliokaa kunisikiliza. Aliyeshona, aliyekata na aliyenunua. Kiti ni kimoja, safari ni moja, na leseni inakwisha leo. Je, mkono ule ulikuwa haki ya nani?