Bi Oteni na Bi Bado Ndani ya Ufizi wa Faki

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, moto unatutosha sote. Hapo kale, kale ya babu wa babu zetu, palikuwa na mama kijana akiitwa Mize, na mwanawe Faki, miezi minane, kinywa kitupu. Kijijini kwao mtoto akitanguliza jino la juu huitwa kigego, na kigego huchukuliwa akaachwa mwituni. Basi kila siku mama mkwe wake, Bi Mwanasha, aliyebakiwa na jino moja tu kinywani, alichovya kidole katika asali akapapasa ufizi wa mjukuu. "Hamna kitu. Hamna kitu. Hamna kitu."

Adhuhuri moja Mize akapapasa mwenyewe. Ufizi wa juu umevimba! Wa juu, jamani! Akalia, akalia, mpaka usingizi ukamchukua kidole kikiwa mle mle kinywani mwa mwanawe.

Akaota amekuwa mdogo kama punje ya mtama, anatembea ndani ya ufizi. Nchi ya rangi ya waridi, laini, yenye joto, mawingu ya maziwa yanapita polepole. Ardhini mbegu nyeupe zimelala, na dada wawili wanazilinda. Bi Oteni aliimba, "Oteni! Oteni! Oteni!" mbegu zikajinyoosha. Bi Bado aliweka kiganja kandokando ya kila mbegu, akanong'ona, "Bado! Bado! Bado!"

"Shoga, nyamaza!" Mize akamrukia Bi Oteni, akamfunga mdomo kwa upindo wa kanga. Kimya. Mbegu zote zikanywea, za juu na za chini, ufizi ukawa kama yai.

"Umefanya nini?" akauliza Bi Bado. "Mwanao atakunywa uji mpaka aote mvi!"

Mize akamfungua mbio mbio, akamfunga Bi Bado badala yake, ili la chini likimbie litangulie. Loo! Meno yakaota kila mahali, jino juu ya jino, jino ubavuni mwa jino, na nchi nzima ikatetemeka kwa kilio cha Faki.

Akamfungua huku analia. "Dada zangu, nisameheni. Naogopa kunyang'anywa mwanangu."

"Mimi nikiita, aliye tayari huitika," akasema Bi Oteni.

"Mimi nikizuia, jirani hupata nafasi," akasema Bi Bado. "Lakini hilo la kigego halikuanzia humu. Kalimalize huko huko nje."

Mize akazinduka: kidole kimeng'atwa! Na Bi Mwanasha huyo mlangoni, na asali yake. Akapapasa. Uso ukambadilika.

"La juu! Mize, huyu ni kigego!"

Mize akamkumbatia mwanawe. "Mama, nakuheshimu, nisamehe. Hilo jino lako moja lililobaki, la wapi?"

Ulimi wa bibi ukalitafuta, ukalikuta.

"La juu," akasema taratibu.

"Na nani amekupeleka mwituni?"

Faki akalamba asali, akacheka, jino likameta. Bibi akacheka bila kutaka, akajiziba mdomo, akashindwa. Wakatazamana wale wawili, kila mmoja na jino lake.

"Lete mjukuu wangu," akasema. "Na ole wake atakayelitaja lile neno nyumbani humu!"

Hadithi yangu imeota mahali pake, na imeishia hapo.