Barabara Iliyogeuka Mto

Moto wa kuandikia si wa kupikia.

Vijana wa chuo cha ufundi walimsikia Mama Tumpe, mtunza stoo wao, akimwambia mwenzao maneno hayo, wakataka kujua yametoka wapi. Mama Tumpe alifunga daftari la vifaa, akavuta stuli, akakaa.

"Msidhani ni maneno ya mababu," alisema. "Methali hii mimi nimeipita umri. Ilianza hivi."

Palikuwa na fundi mmoja mjini Tukuyu, jina lake Sekela. Kwa miaka mingi aliandika vibao vya maduka kwa brashi, na mkono wake ulisifiwa hata Kyela. Baadaye akanunua mashine ya leza, ile inayochonga ubao kwa mwale mwembamba wa moto. Akaanza kutengeneza ngao za washindi na majina ya milangoni. Wateja waliridhika, naye akaamini kwamba mashine ameshaijua.

Alhamisi moja asubuhi aliingia Mwalimu Anyosisye, fimbo yake nyeupe ikimtangulia. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule yenye watoto wasioona, na yeye mwenyewe hakuwa akiona tangu utotoni. Kwapani alibeba mbao sita za plaiwudi, na mfukoni mchoro aliochorewa na mwalimu mwenzake.

"Mtihani ni Jumatatu," alisema baada ya salamu. "Kila mwaka likifika swali la ramani, watoto wangu huambiwa waliruke. Nimeomba miaka miwili. Safari hii wamekubali: nikileta ramani za kupapasa, watalijibu kama wenzao. Nisipoleta, wataliruka tena. Watoto ni watano. Mbao ni sita, moja ya akiba. Nyingine sina, na za aina hii hapa mjini hazipo."

Sekela aliukunjua mchoro. Kulikuwa na mlima, mto wa mstari mmoja, kijiji, barabara ya mistari miwili iliyokaribiana, na daraja pale barabara ilipovuka mto.

"Ondoa shaka, Mwalimu. Njoo Jumamosi uchukue."

Mwalimu alipoondoka, Sekela alifikiri hivi: mtu asiyeona atahitaji mstari mzito. Mstari wa kawaida atauhisi vipi? Basi akapandisha nguvu ya mashine karibu na mwisho, akapunguza mwendo wake ili moto ukae sana mahali pamoja. Moshi ulijaa chumbani hadi akafungua dirisha. Ubao wa kwanza ulitoka na mifereji mirefu, myeusi kama masizi ya chungu. Aliutazama akafurahi. Kesho yake akachonga wa pili vilevile.

Alikuwa ndiyo kwanza anautoa wa pili, Mwalimu akabisha hodi.

"Jumamosi naiona mbali," alisema. Kisha akanusa. "Kwani leo mnapika nini humu?"

Sekela alicheka, akamwekea ubao wa kwanza mikononi. Kidole cha Mwalimu kilianza safari chini kushoto, kikapanda taratibu. Tabasamu lake likaanza kupungua.

"Barabara iko wapi?"

"Hapohapo, Mwalimu. Ndiyo unayoigusa."

"Hapa pana mto."

"Mto uko kulia kwako."

"Basi nchi hii ina mito miwili, na barabara haina." Aliinua kidole. Ncha yake ilikuwa nyeusi. "Na daraja silioni kabisa."

Sekela aliinama hadi pua ikakaribia kugusa ubao. Kweli. Mistari miwili ya barabara ilikuwa imekula ukuta uliokuwa kati yake, ikawa mfereji mmoja uliochakaa kingo. Daraja lilikuwa kidonda cheusi tu. Aliutazama ubao wa pili, ukawa mbaya kuliko wa kwanza. Mbao zilizobaki zilikuwa nne. Watoto watano.

"Nisamehe, baba," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nilidhani kwa kuwa hawaoni, mstari lazima uwe mzito."

Mwalimu hakumkemea. Alipangusa kidole kwenye suruali.

"Mwanangu, kidole kinatafuta ukingo. Ukingo ukiungua, kidole hakina cha kushika, hata ukichimba shimo la choo. Moto wa kuandikia si wa kupikia."

Sekela alichukua ubao wa pili, ulioharibika zaidi, akakata pembezoni mwake pale ambapo moto haukufika. Kwenye kipande hicho akachonga vibarabara vidogo vidogo, kila kimoja kwa nguvu yake na mwendo wake, akaandika namba kando ya kila kimoja. Safari hii alibandika karatasi ya gundi juu ya ubao ili moshi usiupake, na akafungulia pampu ya hewa ipulize masizi. Alipobandua karatasi, alimpa Mwalimu kipande bila kumwambia kipi ni kipi.

"Hiki bado kinanuka," alisema Mwalimu. "Hiki kimefifia, mtoto atakipita bila habari. Hiki kingo zake kama meno ya msumeno." Kidole kikasogea, kikarudi, kikatulia. "Hiki."

Kwa macho ya Sekela kilikuwa chembamba na cha kahawia hafifu, kitu ambacho asingethubutu kumpa mteja. Alichonga tena vingine, akavichanganya. Mwalimu akachagua kilekile: nguvu robo tu, na mwendo mara tatu ya ule wa jana. Sekela akaandika namba hizo ukutani kwa chaki.

Alipotaka kuweka ubao mzima kwenye mashine, Mwalimu aliomba kuupapasa kwanza. Akapitisha kiganja.

"Umepinda pembe moja. Mvua zetu hizi."

Sekela alielewa mara moja. Pembe iliyoinuka ingekuwa karibu mno na lenzi, na mwale ungetawanyika. Chini mistari ingetoka safi na juu ingetoka na ukungu. Akaubana ubao kwa misumari ya skrubu pembe zote nne, akapima kimo cha lenzi kila pembe kwa kijiti kimoja. Ndipo akabonyeza kitufe.

Ubao ulitoka. Mwalimu aliusoma kuanzia chini hadi juu, akasema, "Daraja hili hapa," kwa sauti ya mtu aliyefika nyumbani. Ukafuata wa pili, wa tatu, wa nne.

Sekela alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia kuhusu mtoto wa tano. Mwalimu alikuwa ameshika ule ubao wa kwanza ulioungua. Aliugeuza, akapitisha kiganja mgongoni mwake.

"Huku nyuma moto haujafika," alisema. "Au nakosea?"

Sekela aliukwapua mikononi mwake, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Safi. Mawazo yalikuwa yamembana hata akasahau kwamba ubao una pande mbili. Aliubana kwenye mashine, akasimama ameshika shavu hadi mwale ulipozimika. Mwalimu alipapasa, akaitika kwa kichwa. Sekela akakaa chini sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Ndaga, mwanangu," alisema Mwalimu. Asante.

Jumatatu Sekela hakuweza kufungua karakana. Alikwenda kusimama nje ya dirisha la darasa. Msimamizi alisoma swali: "Ukitembea kutoka kijijini kufuata barabara, utavuka mto kabla au baada ya kufika mlimani?"

Mikono kumi ikaingia kwenye mbao. Msichana mmoja, Tusajigwe, alifuata barabara, akafika mtoni, akasimama. Akarudi nyuma. Akasimama tena. Sekela aliushika ukingo wa dirisha. Halafu uso wa mtoto ukafunguka. Akaokota kalamu yake ya nukta nundu, akaanza kutoboa karatasi, tok, tok, tok. Wa pili akafuata, kisha wa tatu.

Mwalimu Anyosisye alikuwa mlangoni, kichwa kimeinama, anahesabu sauti. Zilipotimia tano, alishusha pumzi ndefu.

"Wote," alimnong'oneza Sekela, aliyekuwa amesogea kando yake.

Sekela alifundisha mafundi wengi baada ya hapo, na kila mmoja alianza kazi kwa kipande cha majaribio na kwa maneno yale. Mafundi wakayapeleka majumbani. Sasa utamsikia baba akiambiwa hivyo anapomfokea mwanawe kwa kosa dogo, na mwalimu anapochapa badala ya kueleza. Mkitaka kitu kishike, wanangu, msikiunguze. Moto wa kuandikia si wa kupikia.